Mshipi wa Kinawi

Afungaye mshipi ndiye akaaye upande wa chini. Kila hamali wa mtaa wa Attarini aliijua kanuni hiyo tangu siku alipoingia kazini, wala hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu yake. Hodhi la kuogea la chuma hupandishwa ngazi na watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na uzito karibu wote humwelemea huyu wa chini. Mshipi ukifyatuka, yeye ndiye litakayemshukia. Kwa hiyo anayetaka kufunga na afunge, lakini ajue ya kuwa anafunga juu ya kifua chake mwenyewe.

Inspekta Fakhri Wasif alikuwa ameisikia kanuni hiyo kwa kila aliyemhoji, na badala ya kumwonyesha njia ilikuwa imemzibia kila mlango. Kinawi, hamali aliyetoka mkoa wa Sohag, bara ya mbali, ndiye aliyekuwa chini. Hodhi lilimshukia baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, katika nyumba anamokaa Hajja Inshirah, likamponda kifua, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Ikiwa Kinawi alikuwa chini, basi Kinawi ndiye aliyefunga. Na ikiwa alifunga mwenyewe, hapana wa kulaumiwa. Hivyo ndivyo kanuni ilivyosema. Mshipi uliolala juu ya meza ya Inspekta ulisema vingine.

Ulikuwa ukanda mpana wa manyoya ya ngamia yaliyosokotwa, wenye vipande vya ngozi vya kuvaa mabegani, kulabu mbili za kushika ukingo wa hodhi, na pete ya chuma kila upande, ambamo ncha ya ukanda hupitishwa na kufungwa. Pete ya upande wa chini ilikuwa tupu, maana fundo lake lilichomoka. Pete ya upande wa juu ilikuwa ingali na fundo lake, na Inspekta alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kuligusa. Ncha ilikuwa imepita katika pete mara moja tu, ikakunjwa kitanzi, na mkia wake umeelekea kulia.

Asubuhi ile yeye na Sajini Bayumi walikuwa wamekwenda kwenye ghala la Rayisi Meselhi, mkuu wa mahamali, mtu mnene aliyefungua mlango huku akilalamika kwamba polisi wanampotezea wateja. Humo ndani mlikuwa na hodhi jingine ambalo Kinawi alikuwa amekwisha kulifunga kwa ajili ya kazi iliyofuata. Inspekta alipiga magoti katika vumbi, akainama mpaka shavu likakaribia sakafu, akachungulia chini ya ukingo. Ncha ilikuwa imepita katika pete mara mbili, na mkia umesokomezwa chini ya ukanda wenyewe, ili kwamba uzito ukizidi fundo nalo likaze. Akachungulia na upande wa pili. Ilikuwa vile vile.

Waliporudi, Sajini Bayumi alisema kwamba mambo yamekwisha kujieleza. Ngazini walikuwa wawili. Kama hakufunga Kinawi, basi alifunga Dahi, mwenziwe, akafunga vibaya makusudi na kumwacha Kinawi ashike upande wa chini. Tena sababu ilijulikana mtaa mzima. Kinawi alikuwa amemchumbia dada yake Dahi, kisha akamwacha bila maelezo, na tangu hapo watu hao wawili walibeba mahodhi pamoja pasipo kusalimiana.

"Mletee mshipi mwingine," alisema Inspekta.

Dahi alitolewa mahabusi, kijana mrefu mwenye mabega yaliyoota sugu, akapelekwa uani kwenye hodhi kuukuu walimonyweshewa farasi wa kituo. Akaambiwa alifunge kama anavyofunga kazini. Akafunga. Inspekta akaamuru afungue, afunge tena, na safari hii akamshughulisha kwa maswali juu ya kijiji chao, mavuno ya mtama, na jina la mtu aliyemfundisha kazi. Dahi alijibu yote huku mikono ikiendelea. Ncha ilipita mara mbili, na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, mkia ulielekea kushoto.

"Anatuchezea huyu, afande," alisema Sajini.

"Fungua," Inspekta alimwambia Dahi. "Funga tena."

Mkia ukaelekea kushoto tena. Inspekta akamwita mezani na kumwonyesha fundo lililosalia. Dahi alilitazama kwa muda mrefu, akainama upande huu na upande ule kama mtu anayetafuta sura ya jamaa yake katika picha iliyofifia.

"Si langu," alisema. "Wala si la Kinawi."

"Ni la nani basi?"

"Sijui, afande. Ngazini tulikuwa wawili."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Fundo lilikuwapo, hodhi lilianguka, mtu alizikwa, na wawili waliokuwapo hakuna hata mmoja aliyelifunga. Inspekta alizunguka meza, akaketi, akainuka tena. Alimuuliza Dahi kama walipumzika njiani. Dahi akajibu kwamba walipumzika mara moja kisha wakaendelea. Akamuuliza kama walisemezana lolote. Dahi akasema kwamba Kinawi hakuwa mtu wa kusemezana naye siku hizo. Akarudishwa mahabusi.

Muda haukuwa upande wa Inspekta. Mwendesha mashtaka alikuwa amempelekea maneno makavu: ama alete ushahidi wa kumfikisha Dahi mahakamani, ama amwachilie adhuhuri ya kesho. Kumfikisha mahakamani kulikuwa kumpeleka kwenye kitanzi kwa fundo lisilokuwa lake. Kumwachilia nako kulikuwa kumpeleka kwa Harbi.

Harbi alikuwa ndugu mkubwa wa Kinawi, hamali kama yeye, na tangu siku ya pili ya msiba alikuwa akiketi katika mkahawa unaotazamana na mlango wa kituo, kanzu yake ya buluu imetuna ubavuni pale kisu kilipo. Hakukificha. Alikuwa ameapa mbele ya mahamali wote kwamba Dahi hatalala usiku hata mmoja nje ya kuta za polisi. Kila asubuhi alivuka barabara, akasimama mbele ya meza kwa adabu, akauliza swali lile lile.

"Mtu wangu bado yumo, afande?"

"Yumo. Nawe utaingia mlango wa pili wa mahabusi kama hutakiacha hicho kisu nyumbani."

"Milango yako nitaingia kwa hiari yangu nikimaliza kazi. Sitakusumbua kunitafuta."

Inspekta alikuwa amemhoji naye pia, kama ilivyompasa. Harbi alisema kwamba saa ya ajali alikuwa kwenye makaburi ya Amudi, akizika. Sajini alikwenda, mchimba kaburi akathibitisha, na imamu akathibitisha. Jalada la Harbi lilifungwa.

Adhuhuri Inspekta aliona hana la kufanya ila kurudi kwenye nyumba yenyewe. Mvua za baharini zilikuwa zimeanza, na mlangoni bawabu Idrisi, Mnubi wa makamo, alikuwa ameketi juu ya benchi lake akila mkate na maharage. Inspekta alimuuliza kwa mara nyingine ni nani aliyepanda au kushuka siku ya ajali, hodhi lilipokuwa ngazini.

"Nimekwisha kusema, afande. Mahamali wawili na hodhi lao. Hakupita mwingine."

"Uliondoka mlangoni?"

"Mimi? Hata nikioa tena, harusi itafanyika juu ya benchi hili."

Inspekta akapanda. Mahali hodhi lilipoanguka palikuwa na vipande vya ngazi vilivyomeguka, na alikuwa amekwisha kuvitazama. Safari hii alianzia chini, akipapasa ukuta kwa kiganja. Kwenye kipumziko cha ghorofa ya pili, pembeni kabisa, mkono wake ukakwaruzwa. Chokaa ilikuwa imechubuka karibu na kimo cha kichwa chake, na ndani ya mchubuko palikuwa na weusi wa chuma. Sakafuni, chini ya mchubuko huo, palikuwa na alama nyingine iliyopinda kama mwezi mchanga.

Hodhi lilikuwa limesimamishwa wima pale pembeni.

Sajini alisema kwamba bila shaka hapo ndipo walipopumzika. Inspekta akamuuliza ni mtu gani aliyechoka ambaye, badala ya kulitua hodhi likae kwa miguu yake, atajipa taabu ya kulisimamisha kama kabati. Hodhi husimamishwa hivyo ili kuacha njia. Lakini bawabu alisema hakupita mtu, na njia huachiwa nani ikiwa hapana anayepita?

Walipanda hadi ghorofa ya nne. Hajja Inshirah, mjane mwenye sauti ya kuamuru, aliwafungulia na kuwapeleka moja kwa moja bafuni kabla hawajaulizwa haja yao. Sakafu ilikuwa imefumuliwa, na bomba la maji machafu lilikuwa limezibwa kwa tambara.

"Tazama, mwanangu," alimwambia Inspekta. "Nanuka mimi, inanuka nyumba, inanuka mpaka sala yangu. Na kila anayekuja ananiuliza habari za ukanda."

Inspekta alimpa pole na kusema kwamba kazi itaendelea sheria ikimaliza yake. Hajja akasema sheria haijapata kuoga nyumbani kwake.

"Watu gani mlioniletea?" aliendelea. "Mmoja amekufa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mmoja mmemfungia. Na wa tatu alinikimbia na jeneza, bomba likiwa wazi hivyo hivyo."

Inspekta alikuwa amekwisha kugeuka aondoke. Akasimama.

"Wa tatu yupi, Hajja?"

"Huyo ndugu wa marehemu. Si alikuwa hapa tangu alfajiri aking'oa hodhi la zamani? Aliposikia kilio cha ghorofa ya tatu, wanamteremsha fundi cherehani, akatupa nyundo akashuka. Nikamwita, hakugeuka. Siwezi kumlaumu, jeneza ni jeneza. Lakini angalau angeziba bomba."

Inspekta alimshukuru, akashuka ngazi kwa haraka ambayo Sajini Bayumi hakuwa amezoea kuiona kwake, hata akafika mlangoni akiwa hana pumzi.

"Idrisi, siku ile jeneza lilishuka hapa?"

"Lilishuka. La fundi cherehani, mzee Zaghlul. Mtu mwema, ndiye aliyenishonea kanzu hii."

"Na watu waliokuwa nalo?"

"Wengi, afande. Wanaume mbele, wanawake nyuma wakilia."

"Nami nilikuuliza nani alipita, ukasema hakupita mtu."

Bawabu alimtazama kwa mshangao usio na hila hata chembe. "Lakini lile lilikuwa jeneza," alisema. "Hao si watu wa kupita."

Kituoni Dahi alitolewa tena, na Inspekta akamuuliza mbona hakutaja jeneza. Dahi naye alishangaa vile vile. Alisema kwamba hakuulizwa, na kwamba hajui mtu asiyeliachia jeneza njia. Ndipo akaeleza, neno kwa neno, jinsi walivyolisikia likishuka wakiwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, wakaliegemeza hodhi ukutani kwa haraka, wakavua vipande vya mabegani, mshipi ukabaki juu ya hodhi kama Kinawi alivyoufunga. Kisha wote wawili wakatia mabega chini ya jeneza, kama apasavyo kila mwanamume anayekutana nalo, wakalichukua mpaka nje, hata kona ya barabara ya tramu, wakawaachia wengine na kurudi.

"Mliporudi, hodhi lilikuwaje?"

"Limesimama pembeni. Nilidhani kuna mtu aliyelisukuma ili wanawake wapite."

"Na mshipi?"

"Umefungwa, afande. Kinawi alikuwa ameufunga tangu barabarani. Akalilaza hodhi, akavaa, akashika upande wa chini. Nami nikashika wa juu."

"Hakulitazama fundo?"

Dahi alionekana kutolielewa swali. "Lilikuwa fundo lake," alisema. "Mtu alitazame fundo lake amtuhumu nani?"

Inspekta hakuandika jibu hilo mara moja. Alimwambia Sajini avuke barabara na kumwomba Harbi, kwa heshima, aje uani asaidie jambo moja la kazi yao.

Harbi alikuja. Alipomwona Dahi amesimama baina ya askari wawili chini ya paa la banda la farasi, mkono wake ulielekea ubavuni, lakini Inspekta aliingia kati yao na kumgeuza kwa bega kuelekea kwenye hodhi. Hodhi lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefungwa mshipi kwa namna ya Kinawi, nalo limekaa vibaya, ukanda umelegea na kipande cha bega kinaning'inia hadi chini.

"Chukulia hapa ni ngazini," alisema Inspekta. "Jeneza linashuka, na nyuma yake wanawake. Hodhi ndilo hilo njiani, na wenyewe hawapo. Ungefanyaje?"

"Kwa nini mimi?"

"Kwa kuwa wewe ni hamali nami siye."

Harbi aliguna, akapandisha mikono ya kanzu. Akalifungua fundo la upande mmoja, akalifungua na la pili, akavuta ukanda mpaka ulegevu wote ukaisha. Akatia goti, akalisimamisha hodhi wima pembeni. Kisha akapitisha ncha katika pete mara moja, akakunja kitanzi kinachofunguka kwa mvuto mmoja, akaja upande wa pili akafanya vile vile, na kumaliza akalipiga fundo kwa kiganja kama mtu anayempigapiga punda mgongoni. Hakuchukua muda. Lilikuwa fundo la kuegesha, lisilokusudiwa kubeba kitu, na mikono yake ililifanya bila yeye kuitazama.

"Basi," alisema. "Wanapita."

Inspekta alikunjua gazeti alilokuwa ameshika kwapani, akautoa mshipi wa Kinawi, akaushika kando ya hodhi, pete kwa pete. Ncha ilipita mara moja. Kitanzi kilikunjwa ndani. Mkia ulielekea kulia.

Farasi mmoja alitikisa kichwa, na hatamu zikalia. Harbi alitazama fundo la hodhi, akatazama la mshipi, kisha akarudi kwa la kwanza, na midomo yake ikaanza kwenda pasipo sauti.

"Ulishuka kutoka kwa Hajja," alisema Inspekta, "ukalikuta hodhi linakaribia kuanguka na wanawake wanakuja."

"Ukanda ulikuwa njiani," alisema Harbi. "Wangejikwaa. Mmoja alikuwa na mimba."

"Ukaufungua."

"Nilidhani nitarudi kabla ya wenye hodhi. Kisha nikatia bega, na jeneza likaenda, nikaenda nalo." "Nilidhani wataufungua waufunge upya."

"Nduguyo aliuacha umefungwa. Akaukuta umefungwa."

"Akadhani ni wake."

"Akadhani ni wake," alisema Inspekta.

Harbi alitia mkono ubavuni. Askari wawili walisogea, lakini yeye alikitoa kisu kwa ncha mbili za vidole na kukilaza juu ya ukingo wa hodhi, kisha akaketi chini penye matope na kujifunika kichwa kwa kanzu.

Jalada la Inspekta Fakhri liliandikwa jioni ile ile kwa maneno machache: mauti yaliyosababishwa na uzembe, bila kusudi. Dahi aliachiliwa kesho yake. Lakini Inspekta alilijua jambo ambalo halina fungu katika sheria, kwamba watu wa Sohag hawasomi majalada, na kwamba wako binamu walioapa pamoja na Harbi. Kwa hiyo, kabla ya kumpeleka Harbi kwa mwendesha mashtaka, alimruhusu apite kwanza kwenye uwanja wa ghala la Rayisi Meselhi, ambako baba yake, mzee Abdelmaujudi, alikuwa amefika kwa treni, na mahamali wote walikuwa wamekusanyika.

Harbi aliingia miguu mitupu, kichwa wazi, sanda nyeupe imelazwa juu ya mikono yake miwili iliyonyooshwa, kama afanyavyo kwao anayedaiwa damu anapojisalimisha kwa wenye kudai. Watu walimpisha. Wengine walichanganyikiwa waziwazi na kunong'onezana, maana hawakuwa wamepata kumwona mtu akiwachukulia sanda watu wa nyumba yake mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya baba yake.

Mzee alikuwa mfupi, na alipoinuka kutoka kitini alikuwa karibu sawa na mwanawe aliyepiga magoti. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikutetemeka, kwamba damu ya Kinawi ni yake yeye, baba, na ameisamehe kwa ajili ya Mungu, na yeyote wa ukoo wake atakayeitaja tena si wa ukoo wake.

Harbi akaiinua sanda ampe. Mzee hakuipokea.

"Nimesamehe iliyo yangu," alisema. "Lakini shingo ya yule uliitaka, naye hana kosa. Hiyo si yangu kusamehe."

Akanyoosha kidole. Dahi alikuwa amesimama ukutani, amezungukwa na mahodhi pande zote. Harbi akainuka, akauvuka uwanja, akapiga magoti tena, na sanda ikawa baina yao. Binamu wawili waligeuza nyuso zao pembeni. Dahi hakuikubali wala kuikataa. Aliiacha ikae juu ya mikono ya mwenzake.

"Uliniapia mbele za watu," alisema Dahi.

"Ndiyo."

"Sema mbele za watu."

Harbi alisema jambo ambalo halikusikika.

"Hawajasikia."

"Nilifunga mimi," alisema Harbi, naye sasa alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Mshipi ule niliufunga mimi, Kinawi amekufa kwa mkono wangu, na Dahi hana hatia."

Dahi akaipokea sanda kwa mikono miwili. Mahamali wakapumua. Harbi akainuka, akafuta magoti yake, akamwendea Sajini Bayumi aliyekuwa akingoja langoni, na kabla hajaambiwa lolote akamnyooshea vifundo vya mikono.